Steringi Hafi, Fundi Ndiye Anayeumia

Iweke Star Trek: The Next Generation, tamthilia ya Kimarekani ya safari za angani, kwenye kibanda umiza chochote cha Mwanga au Ujiji, hapa Kigoma, halafu usubiri ile sehemu watu watatu wanapopanda jukwaani, kila mmoja juu ya duara lake, wakameremeta na kutoweka. Hutafika tano kuhesabu kabla mtu wa benchi la nyuma hajasema: "Hao wameshapanda ungo." Watu watacheka, ila aliyesema hajakosea sana. Anayetoweka hapa na kuibukia kule bila kukanyaga njia, huku kwetu ana jina lake, na jina hilo halifundishwi kwenye somo la fizikia.

Kinachouokoa mtambo ule wa kurusha watu usigeuke ungo ni mtu mwingine aliyemo chumbani, ambaye hajapanda jukwaani. Yuko nyuma ya meza, mwili umejaa kidogo, nywele za kujiviringa, kamera inamtupia jicho mara moja kisha inamwacha. Anaitwa Miles O'Brien. Steringi siye, vipindi vingi hapewi zaidi ya sentensi mbili tatu, na vingine anaishia kuitikia tu. Lakini ungo hauna fundi. Mchawi hasemi "subiri, kuna mwingiliano, sijampata vizuri." O'Brien husema maneno ya namna hiyo mara kwa mara, na hapo ndipo mtazamaji anapokubali kwamba hiki ni chombo, kina kikomo, na kinaweza kuua.

Tamthilia hiyo ilirushwa Marekani kuanzia 1987 hadi 1994, misimu saba, vipindi 178. Colm Meaney, mwigizaji kutoka Dublin, yumo tangu kipindi cha kwanza kabisa, ila hana jina: ni mtu wa usukani tu. Msimu huohuo anarudi kama mlinzi, bado hana jina. Msimu wa pili wakamweka nyuma ya meza ya mtambo, na jina la O'Brien likatamkwa mara ya kwanza katika "Unnatural Selection", Januari 1989, miezi kumi na sita tangu sura yake ionekane. Hilo jina la Miles nalo likasubiri hadi msimu wa nne. Mtu huyu hakuja amepangwa. Alipanda kama ukuta, wiki tofali moja, wiki tofali jingine, na karibu kila tofali lilikuwa kazi.

Kazi yenyewe ni hii. Kwanza fundi anamnasa msafiri: vihisio vya meli ya angani vinatafuta alipo, na beji ya mawasiliano iliyo kifuani inarahisisha, ndiyo maana mtu aliyenyang'anywa beji huko chini huwa kwenye matatizo makubwa. Mwisho wa mtambo kufika ni kama kilomita 40,000. Ngao za meli zikiwa juu, haingii mtu wala hatoki. Akishanaswa, mwili unavunjwa kuwa mkondo wa chembe huku ramani yake nzima ikisomwa. Mkondo huo hauendi moja kwa moja. Unapita kwanza kwenye tangi la kushikilia lililo chini ya jukwaa. Humo ndimo fundi anapata nafasi ya kukagua, kuchuja vijidudu vya maradhi, au kusita. Kitabu cha kiufundi cha tamthilia hiyo, kilichoandikwa na Rick Sternbach na Michael Okuda na kutolewa 1991, kinaweka mpaka wa sekunde 420 kabla ramani haijaanza kuchakaa tangini. Halafu mkondo unarushwa nje kupitia vitoa-mwale vilivyo kwenye ngozi ya meli, na mtu anajengwa upya kule anakokwenda, hata kama kule hakuna mtambo wa kumpokea.

Mtazamaji haoni hata kimoja kati ya hivyo. Anachoona ni vidole. O'Brien anaweka vidole vitatu chini ya mistari mitatu ya mwanga mezani na kuvipandisha pamoja, taratibu, macho yakiwa kwa watu walioko jukwaani. Ni kumbukumbu ya vile vishikio vitatu vilivyosukumwa kwa mkono katika tamthilia ya awali ya 1966. Hakuna sheria ya fizikia inayotaka iwe hivyo. Kuna sheria ya mikono: mtu anayepandisha kitu polepole anatuambia kwamba kikipandishwa kwa pupa kitaharibika. Dereva wa lori la mizigo anayeachia klachi kwenye mteremko wa matope anaifahamu sheria hiyo bila kusomeshwa.

Tukumbushane pia kwamba mtambo huu ulizaliwa na uhaba wa fedha. Waandaaji wa 1966 hawakuwa na uwezo wa kutengeneza picha za chombo kikitua kwenye sayari mpya kila wiki, wakaona ni nafuu watu wameremete tu. Ule mmeremeto ulipatikana kwa kudondosha chembe za alumini mbele ya taa kali, zikapigwa picha na kuunganishwa na umbo la mwigizaji. Wanaotengeneza filamu zao kwa kamera moja pale Tabora Mjini wana sababu ya kuutazama mtambo huo kwa jicho la undugu.

Sasa, mtambo uliozaliwa kwa dharura ya bajeti una hatari moja: unaua visa. Nahodha akikamatwa, si wamnase tu wamrudishe? Kwa hiyo kila wiki lazima mtambo ukwame kwa sababu fulani, na sababu hiyo lazima itoke mdomoni mwa mtu anayeaminika. Akiisema nahodha, inakuwa kisingizio. Akiisema fundi huku mikono yake ikihangaika mezani, inakuwa hitilafu. Ndiyo ajira halisi ya O'Brien katika kisa, na waandishi walimlipa kwa sarafu ndogondogo: jina, kisha mke, kisha woga, kisha historia ya vita.

Maelezo mengine ya kisayansi ni ya kuvunga. Kanuni ya mwanafizikia Heisenberg ya 1927 inasema huwezi kujua kwa usahihi kamili mahali chembe ilipo na mwendo wake kwa wakati mmoja. Basi wakabuni kifaa cha "kufidia Heisenberg" na kukitia ndani ya mtambo. Okuda alipoulizwa na mwandishi wa habari kinafanyaje kazi, alijibu kwamba kinafanya kazi vizuri sana, asante. Jibu safi. Mtazamaji haulizi kifaa kinafanyaje kazi iwapo anamwona mtu anayekifanyia usafi.

Kipindi kinachobeba hoja yote hii ni "The Wounded", msimu wa nne, Januari 1991. Nahodha Benjamin Maxwell wa meli Phoenix ameanza kushambulia meli za Wakardasia, maadui wa jana, wakati mkataba wa amani umeshasainiwa. Zamani alikuwa mkubwa wa O'Brien vitani. Enterprise, meli anayofanyia kazi O'Brien, inamfuata; ngao za Phoenix ziko juu; lazima mtu aende kuzungumza naye, na mlango umefungwa. Nahodha Picard hana njia. Anayeijua ni fundi. Anaeleza kwamba Phoenix inatumia upekuzi wa vihisio wenye nguvu kubwa, nao unakwenda kwa mzunguko wa dakika tano na nusu. Kati ya mzunguko mmoja na mwingine ngao zinafumbua kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Mtu akirushwa ndani ya ufa huo, anapita.

Hesabu kidogo inaonyesha ukubwa wa jambo. Dakika tano na nusu ni sekunde 330. Ufa mmoja kwa kila mzunguko maana yake mlango uko wazi sehemu moja kati ya 16,500 ya muda wote. Ukiwahi umekwama kwenye ngao, ukichelewa umekwama kwenye ngao. Na anayejitolea kupita ni yeye mwenyewe, mtu ambaye miaka yote kazi yake imekuwa kupitisha wengine. Hakuna bunduki iliyomsaidia kuufungua mlango ule. Kilichomsaidia ni kujua ratiba ya mashine. Akifika, wanakaa yeye na Maxwell, wanaimba wimbo wa zamani wa Kiairishi, na vita havianzi. Katika kipindi hichohicho anamwambia Mkardasia mmoja kwamba hamchukii yeye, anachukia alichogeuka kuwa kwa sababu yao. Mtu wa sentensi mbili kwa wiki akitoa sentensi kama hiyo, inapiga kuliko hotuba ya steringi.

Cheo chake ni kichekesho. Kwa muda mrefu alivaa vifungo viwili vya luteni shingoni, na kuna mahali aliitwa luteni waziwazi. Msimu wa nne, katika "Family", wakatuambia kumbe hana kamisheni: ni askari wa vyeo vya chini aliyefika juu kabisa ya ngazi yake, mtu wa aina ya sajinitaji. Mashabiki wamepoteza usingizi kuisawazisha hitilafu hiyo. Mimi naona waandishi walikosea kwa bahati nzuri. Vifungo vilikosewa, mtu hakukosewa. Toka mwanzo alisimama kama mtu aliyeipata kazi kwa kuifanya.

Hapo msimulizi wa Kiswahili, yule anayeitafsiri filamu kibandani, naye ana mtego wake. Wenzake humwita "Chief". Ukiitafsiri "Chifu" harakaharaka, kibanda kizima cha Tabora kitamfikiria mtemi wa Unyanyembe, na kitashangaa mtemi gani anayeambiwa "washa mtambo" naye akatii. "Fundi Mkuu" inatosha. Inabeba heshima bila kumtawaza.

Kuna kipande cha sekunde chache katika "Booby Trap", msimu wa tatu, ambacho msimulizi mwenye papara atakipita. Picard amefurahi kwa sababu wamekuta meli ya kale, anajiandaa kurushwa kwenda kuiona, na anafananisha furaha hiyo na zile meli ndogo za kuundia ndani ya chupa alipokuwa mtoto. Anawauliza waliopo: hakuna aliyewahi? Ofisa Worf anajibu kwamba hakuchezea midoli. Data, ambaye ni roboti, anasema hakuwahi kuwa mtoto. Kutoka nyuma ya meza sauti inasema: "Mimi niliwahi." Picard anamshukuru na kuondoka. Riker, msaidizi wa nahodha, anamwangalia fundi kwa jicho la kumshuku kwamba anajipendekeza, na O'Brien anasisitiza kwamba kweli, aliunda, na alifurahia. Mtu anayeunda meli ndani ya chupa ana subira ya kibano na gundi. Tangu hapo tunaamini vidole vile vitatu.

Watu wa Kigoma hawahitaji kuelezwa habari ya meli iliyofungashwa. Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikiitwa Graf von Goetzen, ikafunguliwa, ikatiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikashushwa Dar es Salaam na kupandishwa treni ya Reli ya Kati. Iliungwa upya Kigoma na kuingia majini Februari 1915. Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wanaondoka, amri ikatoka izamishwe. Mafundi walewale watatu waliokuja nayo kutoka Ujerumani, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, wakazipaka mashine grisi nene kabla ya kuizamisha, ili siku moja zifae. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Historia imejaa majenerali na maadmeri wa vita vile. Waliopaka grisi wanapewa mstari mmoja, ukiwabahatika. Lakini toa grisi ile uone kama kuna Liemba.

Januari 1993 O'Brien akahamishiwa tamthilia dada, Deep Space Nine, na safari hii yumo kwenye orodha ya waigizaji wakuu. Kazi mpya: fundi mkuu wa kituo cha angani kilichojengwa na Wakardasia, nao waliondoka baada ya kukichuna kila cha maana. Vifaa vya Shirikisho, yaani upande wa O'Brien, havioani na nyaya za Kikardasia. Mkoa wa Kigoma, ulioishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya Taifa, unaielewa hali hiyo kuliko mtazamaji wa California.

"Babel", msimu wa kwanza, kinafungua kwa kumwonyesha akiitwa kila upande kwa wakati mmoja: mlango umegoma, kahawa ya mkuu wa kituo haimezeki, nahodha fulani anataka meli yake itengenezwe leo. Anarekebisha mashine ya kutengenezea chakula, na ndani yake, bila kujua, anagusa mtego uliotegwa na wapigania uhuru wa Bajor, sayari iliyokuwa ikitawaliwa na Wakardasia, tangu kituo kinajengwa. Virusi vinatoka. Wa kwanza kuugua ni yeye, na ugonjwa wenyewe unavuruga maneno: anadhani anaeleza tatizo, kumbe anatoa maneno yasiyoshikana. Waandishi waligundua kitu pale. Fundi ndiye anayeingiza mkono mahali ambapo wengine hawaingizi, kwa hiyo ndiye wa kuumwa kwanza.

Kuanzia hapo ikawa desturi ya wazi ya waandishi wale: walau mara moja kwa msimu, O'Brien lazima ateseke. Anakamatwa na Wakardasia na kufikishwa kwenye mahakama ambayo hukumu imeshaandikwa kabla ya kesi. Mara anajikuta kumbe ni nakala ya O'Brien wa kweli. Mara anakufa, na nafasi yake inachukuliwa na yeye mwenyewe aliyetoka saa chache mbele. Vibanda vyetu vina kanuni moja isiyoandikwa, kwamba steringi hafi. Deep Space Nine waliitii kwa ujanja: hafi, ila ataumia hadi benchi la nyuma litulie.

La kutisha kuliko yote ni "Hard Time", 1996. Wenyeji wa sayari moja wanamtia hatiani kwa ujasusi na kumpandikiza kichwani kumbukumbu za miaka 20 jela. Kwa saa za kawaida ni muda mfupi. Kwake ni miaka 20 ya njaa. Anarudi nyumbani, mke na mtoto hawajabadilika hata nywele, naye anaweka akiba ya chakula na kulala sakafuni. Mtazame akiwa na kijana Jake Sisko, mtoto wa mkuu wa kituo, zana zimepangwa mbele yao. Jake anamsaidia kujikumbusha majina na matumizi yake, moja baada ya nyingine, kwa sababu amesahau. Mwandishi mvivu angetuonyesha ndoto za usiku tu. Hawa walijua fundi unamvunja wapi: unampokonya jina la spana yake.

Si kila walichomfanyia kilifaulu. Keiko, mke wake, mtaalamu wa mimea aliyeigizwa na Rosalind Chao, aliandikwa ovyo. Kazi yake inatajwa halafu inasahaulika, na mara nyingi anaitwa jukwaani ili agombane na mume tu. Wangempa mimea yake wiki hadi wiki kama mume alivyopewa meza, tungekuwa na watu wawili. Na kile kipindi cha mgomo wa wafanyakazi wa baa, ambapo O'Brien anamtaja babu yake wa kale aliyeongoza mgomo wa makaa ya mawe Pennsylvania 1902, kinapendeza, lakini babu anaingia na kutoka kama bango.

Ushauri kwa wanaosimulia sizoni hizi kwa Kiswahili ni wa mikono pia. Mkiishusha sauti ya asili ili yenu ipande, msiishushe hadi sifuri kwenye chumba cha mtambo. Ule mvumo wa mtambo ndio unaomwambia msikilizaji kwamba kuna kitu kinafanya kazi, na kukwama kwake ndiko kunakomshtua. Fundi akisema namba, itajeni namba. Dakika tano na nusu ikigeuzwa "muda kidogo", ufa wa Phoenix unakuwa bahati, na bahati ni jirani wa ungo.

Kwa wanaoandika za kwao, mfano uko stesheni ya Tabora, ambako treni kutoka Dar es Salaam hugawanywa, mabehewa mengine ya Mwanza, mengine ya Kigoma. Steringi wako amejificha behewa la Kigoma na wanaomtafuta wako jukwaani. Mwandishi wa kawaida atapuliza honi na treni itaondoka kwa sababu anataka iondoke. Mweke mtu wa kuunga mabehewa. Aingie katikati na taa yake, afunge kiungio, aunge bomba la breki, afungue koki pande zote mbili, asikilize. Bomba likivuja, presha inashuka, breki zinashika zenyewe, na dereva hata akivuta vipi treni haisogei. Mpe sekunde ishirini za kutafuta mpira unaovuja gizani, huku viatu vya wanaomtafuta steringi vikipita upande wa pili wa behewa. Huhitaji kumpa hotuba. Kipindi kijacho mrudishe, umpe jina.

Kipindi cha kwanza cha Deep Space Nine kina O'Brien akiaga Enterprise. Hafanyi sherehe. Anakwenda Chumba cha Mtambo Namba 3, kilekile alichofanyia kazi, kuondoka kama alivyoondoa wengine. Picard anamfuata, anamwambia kwamba jana yake aliita chumba hicho akataja jina lake kwa mazoea. O'Brien anapanda jukwaani, safari hii yeye ndiye aliye juu ya duara. Na nahodha wa meli, ambaye kwa misimu yote ile kazi yake chumbani humo ilikuwa kutoa amri, anazunguka nyuma ya meza na kumrusha kwa mkono wake mwenyewe.